Java na Python kwenye mizani moja: namba za klasi zinapima nini hasa?

Chukua neno hatutawapikia. Ndani yake kuna ha ya kukanusha, tu ya sisi, ta ya wakati ujao, wa ya hao wanaosubiri chakula, mzizi pik, i ya kumtendea mtu, na a ya kufungia. Vipande saba, neno moja. Mwingereza akitaka kusema jambo hilohilo anahitaji maneno sita. Sasa aje mtu na jedwali: Kiswahili neno 1, Kiingereza maneno 6, kwa hiyo Kiswahili ni chepesi mara sita. Utacheka. Kesho yake aje mwingine, ahesabu herufi katika kila neno, atangaze kwamba Kiswahili ni lugha ya maneno mazito. Utacheka tena.

Lakini jedwali la namna hiyo likija na majina ya Java, Python, C++ na Kotlin, ambazo ni lugha za kuandikia programu za kompyuta, hakuna anayecheka. Watu wanagawana kambi. Kwenye makundi ya madevelopa huzunguka picha za namba: Java ina methodi nyingi kwa kila klasi, Python ina chache, C++ ina urithi mfupi, na mtu chini anaandika "nilisema". Vijana wanaoanza wameniuliza maana yake, na safari moja aliniuliza bosi aliyetaka kujua kama mfumo wa ofisi yake uliokuwa kwenye Java uandikwe upya wote kwa Python, kwa sababu ameona namba. Huyo nitamrudia.

Tuanze na kikoba, maana kila mtaa unacho. Mtu akijiunga hujaza fomu: jina, simu, hisa. Fomu tupu, ile iliyotolewa fotokopi, ndiyo klasi. Fomu ya Mama Rehema ikishajazwa ni objekti. Kinachoitofautisha na karatasi ni kwamba fomu ya kwenye kompyuta hubeba pia kazi inazojua kuzifanya, kama kununua hisa au kuhesabu gawio. Kazi hizo ndizo methodi. Lugha zinazojenga programu kwa fomu za aina hii huitwa lugha za objekti. Wazo lilitoka Norway, kwa Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard na lugha yao ya Simula 67. Likakuzwa kwenye Smalltalk, katika maabara ya Xerox kule California miaka ya 1970. Bjarne Stroustrup akalitia kwenye C++, na mwaka 1995 Java ikalisambaza dunia nzima. Maandishi yenyewe ya programu nitayaita msimbo. Wapo wanaosema kodi, ila hiyo nawaachia TRA na mwenye nyumba.

Kupima msimbo ni tamaa ya siku nyingi. Kipimo cha kwanza kumjia mtu yeyote kichwani ni idadi ya mistari, nacho kina aibu yake. Mwaka 1982 wakuu wa timu iliyokuwa ikitengeneza kompyuta ya Lisa pale Apple walitaka kila mhandisi ajaze fomu ya mistari aliyoandika wiki hiyo. Bill Atkinson ndiyo kwanza alikuwa ameiandika upya sehemu ya uchoraji, ikawa na kasi zaidi na fupi kwa mistari ipatayo 2000. Akajaza: -2000. Baada ya muda waliacha kumpa fomu.

Kwenye lugha za objekti idadi ya mistari hupungukiwa zaidi kama kipimo, kwa sababu ubora wa programu hukaa kwenye jinsi klasi zilivyopangwa na zinavyotegemeana. Ndipo wakatokea Shyam Chidamber na Chris Kemerer wa MIT, ambao mwaka 1994 walichapisha vipimo sita vinavyotumika mpaka leo. Kila kimoja ni swali unaloweza kumuuliza mtu kuhusu familia yake. Una kazi ngapi, na nzito kiasi gani? Huo ni wingi wa methodi. Umetanguliwa na vizazi vingapi? Hicho ni kina cha urithi, maana klasi moja inaweza kurithi tabia kutoka klasi nyingine, kama fomu ya mwanachama wa mkopo inavyoanza na kila kilichomo kwenye fomu ya mwanachama wa kawaida. Una watoto wangapi, yaani klasi ngapi zimekurithi moja kwa moja? Unategemea nyumba ngapi za jirani? Huo ni ufungamano. Mtu akibisha hodi kwako, ni kazi ngapi zinaweza kuamka? Huo ni mwitikio. Na cha sita: kazi zako zinahusiana, au umeweka genge, saluni na gereji ndani ya fremu moja? Hicho hupima kukosa mshikamano, na namba ikipanda ni dalili mbaya.

Angalia kwamba maswali yote sita yanamhusu aliyepanga klasi. Hakuna hata moja linaloiuliza lugha. Ila majibu hutolewa kwa lugha, na lugha huongezea ya kwake.

Utafiti wenyewe wa mwaka 1994 unalionyesha hilo, japo wengi wanaoutaja hawajalifikia jedwali. Chidamber na Kemerer walipata data sehemu mbili. Kwa muuzaji mmoja wa programu walikuta klasi 634 za C++, za kutengenezea madirisha na vitufe vya kwenye skrini. Kwa kampuni ya kutengeneza vipuli vya elektroniki walikuta klasi 1459 za Smalltalk, za kuongozea mashine kiwandani. Ukizipanga klasi kwa foleni na kuchukua ile ya katikati, ya C++ ilikuwa na methodi 5 na ya Smalltalk 10. Kina cha urithi, 1 kwa 3. Ufungamano, 0 kwa 9.

Sifuri kwa tisa! Mtu mwenye haraka atasema watu wa Smalltalk walisuka kitanzi. Lakini kwenye Smalltalk kila kitu ni objekti, hata namba 7, hata kweli na uongo. Ukijumlisha 2 na 3, ile 2 ni objekti iliyotumiwa ujumbe. Kwenye C++ namba ni namba tu. Inakaa kwenye kumbukumbu na haihesabiki kama jirani. Urithi vilevile: kwenye Smalltalk klasi zina babu mmoja wa asili anayeitwa Object, na mazoea ni kujenga juu ya klasi zilizokuja na lugha. C++ haina babu huyo. Unaweza kuanzisha ukoo wako leo asubuhi, nawe ukawa ndiye babu.

Na lugha haikuwa tofauti pekee. Kampuni ni mbili, wahandisi ni wengine, na kazi hazifanani: huku madirisha ya kwenye skrini, huku mashine za kiwandani. Ukiambiwa basi la Dar kwenda Morogoro lilitumia mafuta machache kuliko lori la Dar kwenda Tunduma, hujaambiwa lolote kuhusu injini.

Sasa tuiandike klasi ya kikoba wenyewe, tuone namba zinavyozaliwa. Mwanachama ana data tatu: jina, simu, hisa. Ana kazi mbili za maana: nunuaHisa na hesabuGawio, na zote mbili zinagusa hisa.

Kwenye Java, mazoea yaliyofundishwa vyuoni kwa miaka ni kuificha kila data, kisha kuiwekea methodi mbili za mlangoni: moja ya kuisoma, moja ya kuibadilisha. Data tatu mara mbili ni methodi 6. Ongeza zile mbili za kazi: 8. Kwenye Python data husomwa moja kwa moja, na siku ukihitaji mlinzi mlangoni unamweka bila kubadili wanaoingia. Methodi: 2. (Nimeiacha ile ya kuundia objekti, pande zote mbili.) Kikoba ni kilekile na mpango ni uleule, ila wingi wa methodi umezidiana mara nne.

Kukosa mshikamano ndiko kunakochekesha zaidi. Kwa kanuni ya mwaka 1994, unachukua methodi mbili mbili. Jozi isiyogusa data yoyote ya pamoja inaongeza moja, jozi inayogusa data ya pamoja inapunguza moja, na jumla ikishuka chini ya sifuri unaandika sifuri. Java yetu yenye methodi 8 ina jozi 28. Zinazogusa jina ni mbili, jozi 1. Zinazogusa simu ni mbili, jozi 1. Zinazogusa hisa ni nne, jozi 6. Jozi zenye kitu cha pamoja ni 8, zisizo nacho ni 20, kwa hiyo alama ni 12. Python ina jozi moja tu, na inagusa hisa pande zote mbili. Alama: 0. Kwa mujibu wa namba, fomu ya Java imevurugika na ya Python imeshikamana vizuri kabisa, na tofauti yote imetoka kwenye methodi za mlangoni ambazo hazina akili yoyote ndani yake.

Ukileta Kotlin mambo yanapinda zaidi. Wewe unaandika methodi mbili, na mashine inayotafsiri msimbo inakutengenezea zile sita za mlangoni kimyakimya. Sasa kipimo ni 2 au 8? Inategemea chombo unachopimia. Kinachosoma ulichoandika kitasema 2. Kinachosoma kilichotafsiriwa tayari kwenda kwenye mashine ya Java, kama ckjm ya Diomidis Spinellis, kitazikuta zote. Vyombo havikubaliani hata ndani ya lugha moja: kuna kinachoanza kuhesabu vizazi kwa sifuri na kinachoanza kwa moja, kuna kinachomhesabu Object na kinachomruka. Mwaka 2008 Rüdiger Lincke na wenzake wa Sweden walivipitisha vyombo mbalimbali juu ya programu zilezile za Java, wakapata majibu yanayotofautiana kiasi cha kubadilisha hata orodha ya klasi za kutiliwa shaka. Kabla hujabishana kuhusu lugha, uliza kwanza mizani ilinunuliwa duka gani.

Kuhusu urithi kuna imani mbili zinazogongana, na zote mbili nimezikuta kwa watu wenye vyeti. Moja husema urithi mrefu ni ushahidi kwamba lugha imekomaa. Nyingine husema urithi mrefu ni ugonjwa. Walioandika skrini za Android watanielewa haraka. Klasi yako ikirithi Activity, basi juu yake kuna ContextThemeWrapper, juu tena ContextWrapper, kisha Context, kisha Object. Hujaandika hata mstari mmoja wa kazi yako na tayari uko kizazi cha tano ukimhesabu Object kuwa sifuri. Ukiandika kwa Java ni tano, kwa Kotlin ni tano. Ukoo huo ni wa Android, si wa lugha. Kwa upande mwingine kuna lugha ya Go, iliyotangazwa na Google mwaka 2009, ambayo haina urithi wa klasi hata kidogo. Kina chake ni sifuri siku zote. Kuisifu Go kwa urithi mfupi ni kama kumsifu samaki kwa kutochafua viatu.

Ufungamano nao una mtego wake, na huu huwanasa hata wazoefu. Kwenye Java, methodi ya kulipa mkopo lazima itamke kwamba inapokea kitu cha aina ya Mkopo. Jina limeandikwa, chombo kinaliona, kinaongeza moja. Kwenye Python unaandika tu kwamba inapokea kitu fulani, ukakiita mkopo, na hakuna sheria inayokulazimisha kutaja aina. Chombo hakioni kitu. Utegemezi upo palepale, ukibadilisha klasi ya Mkopo methodi itavunjika vilevile, ila haukuacha alama ya mguu. Tangu toleo la 3.5 la mwaka 2015, Python ina utaratibu wa kutaja aina kwa hiari. Developa mwangalifu akizitaja, alama yake ya ufungamano inaweza kupanda. Amewasaidia wenzake wauelewe msimbo, na jedwali linamwandika kuwa amefunga mafundo zaidi.

Je, vipimo hivi ni bure basi? Hapana, na hapa ndipo wapinzani wake wanapozidisha chumvi. Mwaka 1996 Victor Basili na wenzake walivijaribu kwenye programu za C++ zilizoandikwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maryland, wakaona vitano kati ya sita vinasaidia kubashiri klasi zipi zitakuwa na hitilafu. Kilichoangushwa ni kile cha kukosa mshikamano, na ukikumbuka zile alama 12 kwa 0 hutashangaa. Lugha ilikuwa moja, na kazi ilikuwa moja kwa wanafunzi wote. Basi lililinganishwa na basi.

Miaka mitano baadaye, mwaka 2001, Khaled El Emam na wenzake wakamwaga maji baridi. Walionyesha kwamba ukizingatia ukubwa wa klasi, uhusiano wa vipimo vingi na hitilafu hunyauka. Jiko lenye sufuria nyingi huvunja sahani nyingi, lakini sufuria hazivunji sahani. Jiko hilo linalisha watu wengi zaidi. Klasi kubwa ina methodi nyingi, majirani wengi na hitilafu nyingi kwa pamoja, na huenda kumbe ulikuwa unapima ukubwa tu kwa jina la kifahari. Sasa kumbuka kwamba kazi ileile huchukua mistari mingi kwenye lugha moja na michache kwenye nyingine, na utaona kwa nini kulinganisha lugha kwa vipimo hivi ni kuongeza giza juu ya ukungu.

Kuna waliojaribu kukwepa vipimo vya klasi na kuhesabu moja kwa moja hitilafu zilizorekebishwa. Mwaka 2014 Baishakhi Ray na wenzake walichapisha utafiti wa miradi 729 ya GitHub, tovuti ambako watu huweka msimbo wao, katika lugha 17, wakasema baadhi ya lugha zinahusiana na hitilafu zaidi na nyingine kidogo, ingawa wao wenyewe walisema athari ni ndogo. Matokeo yalisambaa, athari ndogo ikabaki njiani. Mwaka 2019 timu nyingine, iliyokuwemo Emery Berger na Jan Vitek, ikarudia hesabu. Kati ya lugha 11 zilizokuwa zimeonekana kuhusiana na hitilafu, zilibaki 4, tena kwa kiasi kidogo mno.

Kosa moja walilogundua nalipenda kuliko yote. Lugha ya TypeScript ilitolewa hadharani mwaka 2012, lakini ndani ya data kulikuwa na mabadiliko ya "TypeScript" ya tangu mwaka 2003. Lugha ilikuwa na msimbo kabla haijazaliwa. Walipochimba wakakuta kwamba mafaili yanayoishia na .ts hayakuwa yote ya TypeScript. Mengi yalikuwa mafaili ya tafsiri, yale yenye maneno ya menyu na vitufe kwa lugha za watu. Hakuna programu ndani yake ya kuharibika, na ndiyo maana TypeScript ilionekana safi.

Namba za lugha mbili unaweza kuzisoma pamoja kwa faida, ukishakubali kwamba zinakueleza tabia ya lugha na siyo daraja lake. Java kuwa na methodi nyingi za mlangoni kulionyesha mahali watu wanapochoka kuandika, na lugha yenyewe ilisikia: toleo la 16 la mwaka 2021 lilileta rasmi klasi fupi za kubebea data, zinazojitengenezea zenyewe methodi za kusomea. Siku mradi ulipohamia huko namba zilishuka bila mpango kubadilika. Anayefuatilia grafu peke yake angeandaa sherehe.

Ukitaka kulinganisha kweli, kazi iwe moja, ukubwa wa timu ulingane, chombo kiwe kimoja chenye kanuni unazozijua, na zile methodi za mlangoni zitolewe pande zote. Hata hapo utajifunza zaidi kuhusu watu walioandika.

Yule bosi sikumpa mhadhara wote huu. Nilimwomba vijana wake waniletee orodha mbili za mfumo uleule wa Java: klasi kumi zenye ufungamano mkubwa, na mafaili kumi yaliyorekebishwa mara nyingi zaidi mwaka uliopita. Majina manne yalikuwa kwenye orodha zote mbili. Moja lilikuwa la klasi iliyokuwa ikikokotoa mishahara, ikituma SMS na kuchapisha ripoti za stoo, yote humo humo. Walianza na hiyo, kwa Java hiyo hiyo.